Maneno Yasiyooana

Kila lugha ina maneno yaliyooana na maneno yasiyopikika chungu kimoja. Wako vijana wetu wengi hapa Mwambao waliosoma Kiingereza miaka 12 na zaidi, wakahifadhi maneno maelfu, wakazijua nyakati zote za vitenzi, na walakini wakishika kalamu kuandika barua ya nusu ukurasa, mwenye lugha akiisoma hukunja uso. Kila neno likiwa peke yake ni sahihi. Tahajia haina ila, wala sarufi haina ila kubwa. Lakini kitenzi na jina linalokifuata haviketi pamoja. Ni kama watu wawili wasiojuana waliokalishwa busati moja. Mwalimu hupiga mstari wa wino mwekundu, akaandika neno jingine juu yake, asiseme kwa nini. Na mwanafunzi akiuliza, jawabu aghlabu ni moja: "Ndivyo isemwavyo."

Jawabu hilo laudhi, walakini ni la kweli. Kusudi letu leo ni kueleza kwa nini ni la kweli, na ni hasara gani itupatayo tusipolitia maanani, katika Kiingereza tunachokiandika na katika Kiswahili chetu wenyewe.

Desturi, si mantiki

Tuanze nyumbani, maana ya kwetu twayasema bila kuyatazama. Mswahili hupiga simu, hupiga picha, hupiga pasi, hupiga kura, hupiga mbizi, hupiga magoti, hupiga chafya na hupiga hodi. Katika yote hayo hapana aliyepigwa. Mswahili huyo huyo hukata tikiti, hukata shauri, hukata tamaa, hukata kiu na hukata rufani, na kisu hakikuonekana. Hula kiapo, hula hasara, hula njama. Baharini hutia nanga na hung'oa nanga. Tanga hulitweka na hulitua. Na baada ya sala, mwenye tasbihi yake hukaa akavuta uradi.

Mgeni atakayeuliza kwa nini shauri likatwe na kura ipigwe, hatapata mtu wa kumjibu. Si kwamba sisi ni wajinga wa lugha yetu. Ni kwamba hapana jawabu. Wazee walisema hivyo, na sisi tukawasikia. Mgeni huyo akisema "nimefanya simu," tutamfahamu, nasi tutajua papo hapo kwamba si mwenzetu.

Basi Kiingereza nacho ni vivyo hivyo. Mtoto wetu huandika "do a mistake," naye amefikiri sawasawa, kwa kuwa kwetu "kufanya" ni neno moja: twafanya kosa, twafanya kazi, twafanya haraka. Mwingereza amekigawa kitenzi hicho mara mbili. Kazi ya shule ni "do," biashara ni "do," madhara ni "do", lakini kosa ni "make," safari ni "make," suluhu ni "make," na hata kitanda kikitandikwa asubuhi ni "make." Walimu hujaribu kutoa kanuni, wakasema "make" ni kwa kitu kinachoundwa na "do" ni kwa tendo lenyewe. Kanuni hiyo hufika mlangoni ikakwama, maana safari haikuundwa na seremala, na madhara nayo ni kitu kilichotokea baada ya tendo.

Tazama pia kusema. Kwetu mtu husema kweli na husema uwongo. Mwanafunzi aandikapo "say the truth," amekifuata Kiswahili chake kwa uaminifu, akaanguka. Mwingereza kweli yake huisimulia, "tell the truth," na uwongo wake huusimulia, lakini dua yake huisema, "say a prayer." Dawa kwetu hunywewa, hata ikiwa ni kidonge kikavu, kwa Mwingereza dawa huchukuliwa. Na baharini, nahodha wa Kiingereza akiwa tayari kuondoka husemwa kwamba ameipima nanga kwa mizani, "weigh anchor." Hakuipima hata kidogo. Kitenzi hicho zamani kilikuwa na maana ya kubeba na kuinua. Maana hiyo imekufa kwingine kote, ikasalia hapo kwenye nanga kama mzee aliyebaki peke yake katika nyumba ya ukoo.

Wala Waingereza na Wamarekani hawakubaliani wao kwa wao. Mtihani, Mwingereza huukalia, na Mmarekani huuchukua. Uamuzi, Mmarekani huufanya, na Mwingereza mara nyingi huuchukua. Mfaransa naye ana balaa lake: kwake "passer un examen" ni kuketi na kuandika mtihani tu, awe atashinda au atashindwa. Jirani zetu wa Komoro waliosoma kwa Kifaransa wanaijua hatari hii. Mtu akifasiri neno kwa neno katika barua ya kuomba kazi, atakuwa amemwambia mwajiri kwamba amefaulu mtihani ambao ameukalia tu, na siku matokeo yatakapotoka ataonekana mwongo, hali hakukusudia uwongo wowote.

Waliolichungua jambo hili

Ajabu ni kwamba wenye lugha wenyewe hawakuliona jambo hili mpaka walipokwenda kufundisha ugenini. Mwingereza mmoja, Harold Palmer, alikwenda Japani mwaka 1922 kuishauri serikali ya huko juu ya ufundishaji wa Kiingereza. Huko akatambua kwamba kilichowasumbua wanafunzi wake hakikuwa maneno moja moja. Kilikuwa ni mafungu, maneno mawili matatu ambayo lazima yajifunzwe kwa pamoja kana kwamba ni neno moja. Mwaka 1933 alichapisha mjini Tokyo ripoti iliyoyakusanya mafungu hayo kwa maelfu.

Mwenziwe huko Japani alikuwa A. S. Hornby, mwalimu aliyefika mwaka 1924. Yeye na wasaidizi wake wawili, Gatenby na Wakefield, walitunga kamusi ambayo haikutosheka kusema neno lina maana gani; ilionyesha pia neno linatumiwaje na linaandamana na nini. Ilitoka Tokyo mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, kisha ikachapwa tena Oxford mwaka 1948. Kamusi hiyo, kwa matoleo yake yaliyofuata, ndiyo iliyozunguka katika madarasa ya Afrika Mashariki kwa miaka mingi, na wasomaji wengi wa ukurasa huu wataikumbuka, jalada limebanduka na majina ya wanafunzi waliotangulia yameandikwa ndani. Kwa hivyo kitabu kilichotufundisha Kiingereza kilizaliwa kwa taabu ya watoto wa Kijapani, waliokuwa wakikosea kama tukoseavyo sisi.

Aliyelipa jambo hili mahali pake katika ilimu ya lugha ni J. R. Firth, aliyepata kusomesha Lahore, na mwaka 1944 akawa profesa wa isimu katika chuo cha London kinachosomesha lugha za Asia na Afrika. Yeye alishikilia kwamba sehemu ya maana ya neno imo katika maneno ambayo limezoea kufuatana nayo. Wazee wetu hawakusoma kwa Firth, lakini waliyajua hayo kwa watu: mtu humtambua kwa suhuba yake. Basi neno nalo lina suhuba.

Yasini na safari

Waliopitia chuoni, wakakaa mbele ya mwalimu na juzuu mapajani, wana faida moja ambayo hawajui kwamba wanayo. Waliyazoea mafungu ya maneno kabla ya kujua maana zake.

Hapana nyumba ya Kiislamu hapa Mwambao isiyosoma Sura ya Yasini. Katika aya ya 13 Mtume, rehema na amani zimshukie, anaamrishwa awapigie watu mfano wa wenyeji wa mji. Kitenzi cha Kiarabu ni "daraba," ndicho kile kile cha kupiga kwa mkono au kwa fimbo. Kitenzi hicho kimo pia katika Sura ya Ibrahim, aya ya 24, ambapo Mwenyezi Mungu anapiga mfano wa neno jema kuwa ni kama mti mwema. Mashekhe wetu walipofasiri misikitini walisema "kupiga mfano," na masikio yetu yakakubali, kwa kuwa kupiga kwetu kulikuwa kumezoea kubeba mizigo ya kila namna. Fungu likahama lote, kitenzi na jina, likapata makao.

Lakini tazama kitenzi hicho hicho katika Sura ya Annisaa, aya ya 101, aya inayoruhusu kupunguza sala safarini. Kwa Kiarabu mtu "hupiga katika ardhi," na maana yake ni kwamba anasafiri. Hapa mfasiri hakusema kwamba watu wamepiga ardhi. Angesema hivyo, msikilizaji angedhani wanalima, au wameanguka. Alisema "mnaposafiri," akalipa fungu la Kiarabu thamani yake kwa sarafu ya Kiswahili.

Hiyo ndiyo elimu yote ya kufasiri. Mafungu mengine huhama mazima, mengine hayahamiki, na anayejua lipi ni lipi ni yule aliyezisikiliza lugha zote mbili kwa muda mrefu. Mara nyingine lugha hukutana bila kuagana. Sisi twafunga ndoa. Waingereza nao husema kwamba wawili wamefunga fundo. Na katika Sura ya Albakara, aya ya 235 na ya 237, Kiarabu chataja fundo la nikahi. Lugha tatu, na zote zimeshika kamba. Lakini mtu asidhani kwa sababu zimekutana hapo zitakutana na mahali pengine.

Saumu haivunjwi magharibi

Tusingekuwa na haja ya maneno mengi haya kama hasara ingekuwa ni alama chache za mtihani. Hasara kubwa iko upande wa pili, pale ambapo mafungu ya Kiingereza yanaingia katika Kiswahili bila kupiga hodi.

Mfano ulio mzito kwetu ni wa Ramadhani. Mwingereza akila baada ya kukaa na njaa, amevunja mfungo. Chakula chake cha asubuhi chapata jina lake hapo, "breakfast," yaani kilichovunja mfungo wa usiku. Ndiyo sababu magazeti ya Kiingereza huandika bila ubaya wowote kwamba Waislamu "break their fast" jua linapotua. Sasa mfasiri mwenye haraka akiifasiri habari hiyo neno kwa neno, atatangaza kwamba Waislamu wa Mombasa jana magharibi walivunja saumu kwa pamoja, na huenda akaongeza kwamba kiongozi fulani alihudhuria. Kwetu kuvunja saumu ni kuiharibu. Anayeivunja kwa makusudi ana dhambi na ana deni la kulipa. Aliyefunga mpaka adhana ya magharibi hakuvunja kitu. Amefungua, amefuturu, na ana furaha yake. Kitenzi kimoja tu kimebadilika, na ibada imegeuzwa maasi.

Kisha yako madogo madogo ambayo hayaghadhibishi, ila yanakausha lugha. Imamu wetu husalisha, siku hizi twasoma kwamba "aliongoza sala," kwa kuwa Kiingereza chasema "lead the prayers." Khatibu huhutubu, twaambiwa kwamba "alitoa hotuba." Mkutano ulifanyika ukumbini, twaarifiwa kwamba "ulichukua nafasi," kwa kuwa Kiingereza husema "take place," na msomaji abaki akijiuliza ni nafasi ya nani iliyochukuliwa. Mwanamke amechangia kazi kubwa katika kujenga shule. Twaelezwa kwamba "alicheza nafasi muhimu," kana kwamba alikuwa mchezoni.

Zito kuliko hayo ni la mauti. Kila siku twasikia kwamba watu watano "walipoteza maisha yao" barabarani. Hilo ni fungu la Kiingereza, "lose one's life," nalo katika Kiingereza halina kosa. Kwetu kitu kilichopotea ni kile kilichomwanguka mtu njiani, ambacho huenda akakiokota akirudi. Muislamu maisha yake ni amana, na mwenye amana ameichukua. Ndiyo maana lugha yetu haikuwa maskini wa maneno hapa: mtu hufariki dunia, na kufariki asili yake ni kuachana, mtu huaga dunia, mtu hufikwa na mauti. Katika kila fungu mna itikadi. Tukiyatupa tukaokota "kupoteza maisha," hatukubadilisha maneno tu. Tumeiacha namna yetu ya kukitazama kifo.

Hatusemi kwamba lugha ifungiwe mlango. Simu ni neno la Kiajemi, kura ni la Kiarabu, picha ni la Kiingereza. Majina hayo yalikuja na mashua na meli, lakini kitenzi kilitoka nyumbani: wazee wakayapokea, wakayaoza kwa "kupiga," wala hawakungoja Mwingereza awaambie kwamba simu kwake hufanywa na picha huchukuliwa. Huo ndio ukaribishaji wa wageni. Na yako mafungu yaliyokuja na kitenzi chake, kama "kuchukua hatua," ambayo yameshakaa na hayana wa kuyatoa. Neno la mwisho ni la sikio la wengi na la miaka. Tunachokataa ni uvivu wa kufasiri bila kusikiliza.

Kitenzi kinachohukumu

Hata wenye Kiingereza siku hizi wanayapima upya mafungu yao. Kitenzi "commit" huandamana na mabaya: mtu hutenda uuaji, hutenda zinaa, hutenda jinai, na kote humo kitenzi ni hicho. Kitenzi hicho ndicho walichokiweka mbele ya kujiua. Wakati huo kilistahiki kwa mujibu wa sheria yao, kwa kuwa kujiua kulikuwa jinai Uingereza na Wales mpaka sheria ya mwaka 1961 ilipokuondoa. Sheria ikaondoka, fungu likabaki. Leo waandishi wengi wa Kiingereza huliepuka, wakaandika kwamba fulani amekufa kwa kujiua, ili wasimhukumu maiti wala wasiwatie fedheha waliofiwa.

Kwetu Kenya kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kiliendelea kumfanya mkosaji mtu aliyejaribu kujiua akanusurika, hata Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Dini yetu ina neno lake juu ya uharamu wa tendo hilo, na halikubadilika. Lakini dini hiyo hiyo yatufundisha kumhurumia aliyefikwa na dhiki. Kiswahili chasema "kujiua," kitenzi kimoja kisichokuwa na hakimu ndani yake. Mwandishi wa Kiswahili anayeandika kwamba fulani "ametenda kosa la kujiua" ameongeza kwa mkono wake hukumu ambayo lugha yake haikumpa.

Viungo vya bandia

Limebaki kosa moja ambalo si la mwanafunzi wala si la mgeni. Ni la Waingereza wenyewe, tena la wakubwa wao.

Mwaka 1946 mwandishi George Orwell, aliyezaliwa Motihari kule Bara Hindi, alitoa makala akiwalaumu wenziwe kwamba wanavikata vitenzi vyenye nguvu, kisha mahali pake wakaweka jina pamoja na kitenzi kisichokuwa na kazi, mfano wa mtu aliyekatwa mguu akavikwa wa mti. Miaka miwili baadaye, mwaka 1948, mtumishi wa serikali aitwaye Ernest Gowers, kwa ombi la hazina ya Uingereza, aliandika kitabu cha kuwafunza makarani kuandika maneno mepesi, wapate kufahamiwa na raia waliowaandikia.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Badala ya kuamua, ofisi hufanya uamuzi. Badala ya kuchunguza, huendesha uchunguzi. Badala ya kufikiri, hutoa fikira. Maneno yameongezeka, nguvu imepungua. Na ubaya zaidi ni kwamba mtendaji hupata pa kujificha. Ukiandika "nitaamua," lazima pawe na "ni." Ukiandika kwamba uamuzi utafanywa, hapana anayejulikana wa kuufanya.

Tupige mfano. Mzee ana kiwanja alichorithi kwa babake, amezaliwa hapo na amewazika wazee wake hapo, ila hati hana, na hali hiyo ni ya wengi katika pwani hii. Ameandika barua kuomba haki yake. Baada ya miezi yaja jawabu ya mistari miwili kwa Kiingereza: kwamba ombi lake "will be given due consideration," na kwamba hatua zipasazo zitachukuliwa. Mjukuu wa kidato cha 4 anamsomea. Anaona "given," anajua ni kupewa. Anaona "action," anajua ni kitendo. Anasema, "Babu, watakupa." Mzee anamshukuru Mungu, anarudi nyumbani, anangoja. Angojea nini? Barua haikuahidi kitu. Haikusema nani atalitazama ombi, wala lini, wala kwa kipimo gani. Kitenzi "kutoa" kimemhadaa, kwa kuwa katika fungu lile hakitoi chochote.

Hapa ndipo maneno yasiyooana yanapokuwa jambo la mali na haki. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Ibara ya 47 inamtaka mtawala atende kwa haki, na yule ambaye haki yake imedhuriwa, au yaelekea kudhuriwa, apewe sababu kwa maandishi. Basi mzee wetu ana ruhusa ya kurudisha swali kwa Kiswahili: Nani ataamua? Lini? Na mkinikatalia, ni kwa sababu gani? Barua isiyoweza kujibu maswali hayo haijaandikwa bado, hata kama ina muhuri.

Wala tusiwacheke Waingereza, maana ugonjwa umeshavuka bahari. Ofisi zetu hazihesabu watu tena, "zinaendesha zoezi la kuhesabu watu." Hazikagui; "zinafanya ukaguzi." Hazisaidii, "zinatoa usaidizi." Yako mahali ambapo fungu refu lina haki yake. Kuapa ni kwa kila mtu sokoni, na kula kiapo ni mbele ya hakimu. Hapo maneno mawili yana kazi mbili. Lakini palipo na kazi moja, kitenzi kimoja chatosha.

La kufanya

Kwa mwanafunzi, shauri ni jepesi. Usihifadhi jina la Kiingereza likiwa pekee. Kila jina jipya liandike daftarini pamoja na kitenzi chake: kosa na "make," kweli na "tell," dawa na "take." Ukiwa na kamusi, tafuta chini ya jina, maana jina ndilo lijualo linataka kitenzi gani. Yapo makamusi yaliyotungwa kwa kazi hiyo tu, na Oxford walitoa moja mwaka 2002. Kisha soma kwa sauti, kama tulivyosoma chuoni, mpaka ulimi ukatae wenyewe kilichopotoka.

Kwa mwalimu, tunamwomba asimdharau mtoto aliyeandika "drink medicine." Mtoto huyo ana lugha kichwani, tena lugha timamu, naye ameitumia akili yake. Kinachomhitajia ni kuonyeshwa kwamba Mwingereza ana desturi nyingine, kama vile mtu aendapo ugenini akaambiwa viatu huvuliwa hapa na si pale. Atalijifunza hilo bila kuionea haya lugha ya mamake.

Na kwa waandishi na watangazaji wenzetu, tuna ombi moja. Habari ikija kwa Kiingereza, kabla hujaiweka katika Kiswahili, ifunge karatasi, kisha ujiulize: lau jambo hili ningelishuhudia mimi, nikawa nalisimulia barazani Mji wa Kale kwa wazee wanaokunywa kahawa, ningesema vipi? Hapo hutasema kwamba Waislamu walivunja saumu, wala kwamba marehemu alipoteza maisha yake, wala kwamba mkutano ulichukua nafasi. Wazee wale wasingekuacha umalize.